Matundu Mawili ya Nyuma

Otim alichelewa mazishi ya Lado. Basi lake kutoka Lira liliharibika njiani, na alipoingia uani kwa marehemu, mtaa wa Jebel kule Juba, akiwa na begi mgongoni, kaburi lilikuwa limeshafukiwa na watu wameshaanza kula. Sikumtambua. Nilimwona mzee mfupi mwenye kipara akipeana mikono na kina mama, na nilijua ni yeye pale alipowaambia watoto wa Lado, "Mimi iko najua huyu mzee kabla nyinyi hamjazaliwa," ilhali wote walizaliwa kabla yeye hajamjua baba yao. Tuliketi kwenye viti vya plastiki, yeye na mimi na Sista Rebeka, tukapewa chai ya tangawizi, na bila mtu kupanga tukaanza kulizungumzia lile gari la zahanati. Ndipo nikachanganyikiwa upya. Otim anakumbuka kwamba raba ya kabureta ilitoka Kampala na nduguye ndiye aliyeileta. Rebeka anaapa kwamba ilitoka Nairobi ndani ya boksi la dawa. Mimi najiona nikiifungua kutoka kwenye kipande cha gazeti la Kiarabu. Rebeka anasema siku tuliyopanda ule mwinuko mvua ilikuwa ikinyesha. Mimi nakumbuka vumbi kwenye meno. Tulikuwa watu watatu mahali pamoja, na kila mmoja wetu ametoka na mwaka wake. Huu ninaouandika ni wangu.

Niliingia Juba nikiwa na cheti cha ufundi wa magari kutoka chuo kimoja cha Nakuru na nguo zisizofaa kwa joto lile. Habari za kwetu, na jinsi tulivyofika Kenya, naziacha. Zinafanana na za wengi. Kila mtu aliniambia karibu nyumbani, nami nilikuwa sijui hata kununua sabuni. Nilimwambia mwenye duka nataka sabuni moja, akanipa sabuni na chupa ya maji, kwa sababu kwa Kiarabu cha Juba maji ni moya. Nikarudisha maji, nikasema tena, polepole, moja. Akaniletea chupa kubwa zaidi. Jina langu, Poni, ni la Kibari, kwa hiyo wazee wa Kibari waliponisikia nikiitwa walinisemesha kwa lugha yao kwa furaha, kisha wakaninyamazia walipoona natabasamu tu kama mgeni. Nilikuwa na Kiswahili, Kiingereza, na Kiarabu cha kuokoteza. Kibari kilikuwa kimebaki kwa bibi yangu, na bibi alikuwa amefia mbali.

Sista Rebeka ndiye aliyenipokea. Alikuwa mkunga, naye amekulia Kenya kama mimi ila alirudi mapema, na aliendesha zahanati ndogo ya kanisa chini ya mlima, upande wa nyuma wa soko la Jebel. Alinipa chumba kilichoshikamana na chumba chake cha kujifungulia. Kuta zilikuwa za mabati, na kati yangu na akina mama waliokuwa wakizaa kulikuwa na ubao mwembamba tu. Nililala kwenye kitanda cha kamba nikisikia wanawake wakimwita Mungu kwa lugha ambazo sikuzijua, na Rebeka akiwajibu wote kwa Kiswahili, kwa sauti ileile, kana kwamba wanamwelewa. Labda walimwelewa. Asubuhi tulikula ful, maharage ya kupondwa, kwa mkate, jioni kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, na bamia, na yeye alizungumza nami akila haraka, jicho likiwa mlangoni.

Kazi nilipata mtaa wa Hai Jalaba, kwenye gereji ya Otim. Alikuwa Mganda, fundi wa miaka mingi, mchangamfu, mwenye kuamua mambo upesi. Hakuuliza cheti. Alinipa spana, akanionyesha lori lililokuwa juu ya mawe, na nilipomaliza akasema, "Kesho uko unakuja saa ngapi?" Mchana alipika posho, ugali wa kwao, na maharage kwenye jiko la mkaa pembeni ya mtungi wa gesi ya kuchomelea, jambo ambalo nilimwonya kila siku na ambalo kila siku lilimchekesha. Zahanati ya Rebeka ilikuwa na gari, na gari hilo lilitengenezwa hapo. Hivyo ndivyo nilivyolijua kutoka pande zote mbili, nyumbani na kazini.

Lilikuwa gari la Kimarekani, kuukuu, refu kama kibanda, lililoachwa na wageni fulani wa misaada. Usukani ulikuwa kushoto. Injini yake ilikuwa kubwa, ya petroli, silinda nane, na haikukaa mbele kama injini za magari mengine bali ndani, kati ya dereva na abiria, chini ya kifuniko kilichofanana na jeneza la mtoto. Nasema hivyo sasa. Wakati ule nilikiita kifuniko. Dereva alikuwa Lado, Mbari wa makamo, mtu wa maneno machache. Kiswahili chake kilikuwa cha barabarani: simama, mafuta, taratibu, twende. Kilichobaki alikisema kwa Kiarabu cha Juba, na nami aliniita biniya, yaani msichana, na kunisemesha polepole kama mtu anayemlisha mgonjwa uji.

Shida ya gari ilikuwa moja. Tambarare lilikwenda vizuri. Likipewa mzigo na mlima, lilichoka. Na njia ya kutoka zahanati ilishuka kwenye khor, lile korongo la maji ya mvua, kisha ikapanda mwinuko mrefu hadi barabara kubwa ya kwenda hospitali. Kila mama aliyeshindwa kuzaa mikononi mwa Rebeka ilimlazimu kupanda mwinuko huo.

Otim alikifungua kifuniko, akatoa chujio la hewa, na tukaiangalia kabureta. Kabureta ni kile kidude kinachochanganya hewa na petroli kabla ya kuingia kwenye injini. Nilizojifunzia Nakuru zilikuwa na tundu moja, au mawili. Hii ilikuwa na manne, mawili mbele na mawili nyuma, na chini ya kila tundu kulikuwa na kibamba cha duara kinachogeuka kama mlango kupitisha hewa. Ukikanyaga pedali, vibamba vya mbele vilifunguka. Vya nyuma havikusogea. Ukanyage taratibu, ukanyage hadi chini, injini ipige kelele mpaka mabati ya gereji yatetemeke, vya nyuma vililala tu. Nilizifuata nyaya na vyuma kwa kidole kutafuta kile kinachotoka kwenye pedali kwenda kuvifungua. Hakikuwepo. Pembeni, upande wa abiria, kulikuwa na kikopo chenye fimbo fupi iliyoshuka hadi kwenye vibamba vile vya nyuma, lakini kikopo hicho hakikuunganishwa na mguu wa mtu yeyote. Sikuelewa kilikuwa kinamsubiri nani.

"Hii gari iko inapumua na pua nusu," Otim akasema. Alichukua waya, akavifunga vibamba vya nyuma na vya mbele, ili mguu ukikanyaga vyote vinne vifunguke pamoja. Akaiwasha. Injini ikanguruma kama haijawahi. Otim akanitazama, nami nikaitikia kwa kichwa, kwa sababu masikio yangu yalikubaliana naye.

Siku gari lilipozimika khorini mimi sikuwemo. Nilikuwa zahanati, nafua. Walikuwa wamempakia mama kijana, mtoto wa kwanza, uchungu wa tangu jana yake, na shangazi zake wawili. Niliwaona wakishuka korongoni, nikaisikia injini ikianza kupanda, kisha ikakohoa mara kadhaa na kunyamaza. Nilingoja kuisikia tena. Nilisikia stata ikizunguka na kuzunguka. Nilipofika pale nikikimbia na mikono ya sabuni, Rebeka alikuwa nyuma ya gari amepiga magoti kati ya viti, shangazi mmoja alikuwa ameketi chini mchangani, na Lado alikuwa bado ameshika usukani, anatazama mbele. Mama alipona. Mtoto wa kiume hakulia. Rebeka alimfunga kwenye kanga yake mwenyewe, akampa shangazi, akaniambia kwa sauti yake ileile, "Poni, tafuta watu watusukume."

Otim alikuja na kulivuta gari hadi Hai Jalaba. Akalisafisha, akalizungusha mtaani, likaenda bila tatizo. Alisema ni petroli chafu. Siku hizo petroli iliuzwa kwenye chupa kando ya barabara, na nyingine ilikuwa na maji. Halafu akamgeukia Lado. Nakumbuka alisema bila ubaya, kama fundi anavyosema. "Na wewe, mzee, ulikanyaga sana. Ulizamisha injini." Akamwonyesha kwa mguu wake, akipiga chini kwa nguvu, na kutikisa kichwa. Lado hakuhitaji tafsiri.

Tangu hapo Lado aliendesha kama mtu aliyeweka yai chini ya kiatu. Hakukanyaga. Mwinuko ulimshinda, akawa anauzunguka kwa njia ya sokoni, ndefu mno, iliyojaa mikokoteni na mbuzi. Alikuwa akila nasi kila siku, akaacha. Alikaa kwenye kiti chake cha dereva wakati wa chakula, mlango wazi, miguu nje. Nilimpelekea sahani, akasema, "Malesh, biniya," samahani, na kuirudisha haijaguswa. Nilidhani amenikasirikia kwa sababu mimi ni wa gereji. Kisha nikadhani ana mgonjwa nyumbani. Nilidhani mambo mengi mwaka ule, na sikumwuliza mtu, kwa kuwa sikujua ni lugha gani ya kuulizia jambo kama hilo.

Jioni moja, nikiwa chumbani, nilisikia mwenyekiti wa kanisa akizungumza na Rebeka nje, chini ya kivuli cha matete. Alisema gari liuzwe vipande, na kanisa lingoje mpaka lipate jingine. Rebeka alimjibu kwamba angoje mpaka mvua. "Nani atalitengeneza?" mwenyekiti akauliza. "Yule fundi amelishindwa. Na huyu msichana wako naye, si atarudi Kenya?" Rebeka akasema, "Arudi kwa nani? Poni hana mtu huko." Nilikaa kitandani nimeshika kamba za kitanda. Nilikuwa kweli nimepanga kurudi. Nilikuwa nimeanza hata kukunja nguo akilini. Sikujua kama Rebeka alinihurumia, au alinitetea, au alikuwa anamwambia tu habari ilivyo. Tulipokula usiku ule nilimtazama usoni nikitafuta jibu. Akaniongezea bamia.

Kesho yake nilimwomba Otim anipe ile kabureta niifungue yote. Alikubali kwa kuwa alikuwa amechoka nayo. Nikakata waya ili nipate nafasi ya kufanyia kazi, nikafungua kile kikopo cha pembeni, na ndani nikakuta raba nyembamba, duara, ikiwa imechanika kutoka ukingo mmoja hadi katikati. Nilifurahi kama niliyeokota pete. Hapa ndipo ilipoingia habari ya Kampala, au Nairobi, au gazeti la Kiarabu. Raba mpya ilifika baada ya wiki nyingi. Niliifunga kwa uangalifu, nikarudisha springi yake na fimbo yake, nikapachika kabureta, nikamwita Otim aje aone. Nikawasha. Nikakanyaga. Vya mbele vilifunguka. Vya nyuma vililala.

"Raba ni feki," Otim akasema.

"Si feki, Fundi. Nimeinyonya kwa mdomo, haivuji."

"Sasa mbona hazifunguki?"

"Sijui."

"Mimi iko najua. Tunarudisha waya."

"Waya tusirudishe kwanza."

"Kwa nini?"

Hilo nalo sikulijua. Nilikuwa na hisia tu kwamba kikopo kile hakikuwekwa pale na mjinga. Tulibishana mpaka posho ikaungua. Yeye aliamini macho yake, na mimi pia niliamini macho yangu, na macho yetu wote yaliona kitu kilekile: injini inapiga kelele hadi mwisho na vibamba vya nyuma vimelala. Nikarudia kukanyaga. Nikakaza skrubu, nikalegeza. Nilijaribu hata kukisemesha, kwa Kiswahili, wakati Otim amekwenda kununua mkaa.

Ndipo Rebeka alipoingia gerejini kwa bodaboda, mtandio umemshuka mabegani. Mama mmoja alikuwa zahanati, mapacha, wa kwanza amekaa vibaya. Njia ya sokoni ilikuwa imefungwa na lori lililopinduka. "Lado yuko wapi?" Lado alikuwa kwenye kiti chake, kama kawaida. Kifuniko cha injini na chujio la hewa vilikuwa bado juu ya meza. Hapakuwa na muda wa kuvifunga. Nilipanda upande wa abiria na kabureta ikiwa wazi karibu na goti langu, na tukaondoka hivyo, joto na harufu ya petroli vikitupanda usoni, kelele ikituziba masikio.

Tulimpakia mama yule na mama mkwe wake na ndugu wengine ambao Rebeka hakuweza kuwakatalia. Gari likajaa. Lado akalishusha khorini taratibu, akaingiza gia ya pili, akaanza kupanda kwa ule mguu wake wa yai. Tulifika robo ya mwinuko gari likaanza kulegea. Nyuma mama aliguna kwa sauti nzito. Nilimtazama Lado, jasho lilimtiririka shingoni, na mguu wake haukushuka.

"Poni, mbona tunasimama?" Rebeka akaita.

"Kanyaga, Mzee Lado," nikasema.

Akatikisa kichwa. Alisema kwa Kiarabu kwamba akikanyaga litakufa. Aliwahi kuliua.

"Kanyaga. Waya haipo tena."

Sijui kama alilielewa neno waya. Nami sikujua nini kingetokea. Nilijua tu kwamba tukisimama pale hatutaondoka. Rebeka aliinuka kutoka nyuma, akamwekea Lado mkono begani, akamwambia kwa Kiswahili, si kwa ukali, "Lado. Kanyaga, baba."

Alifumba macho, dereva yule, nikamwona akifumba, na akakanyaga hadi chini.

Mwanzo vilifunguka vya mbele peke yake. Injini ikavuta pumzi, ikapanda sauti, gari likasita kama linafikiri. Kisha nikaiona ile fimbo fupi ya kikopo, karibu na goti langu, ikianza kupanda. Hakuna aliyeigusa. Ilipanda polepole, ikivuta vibamba vya nyuma, na sauti ya injini ikageuka, ikawa nzito, ya kifuani, na kitu kikatusukuma migongo kwenye viti. Tuliupanda mwinuko ule kama si mwinuko. Tulipofika juu na Lado akalegeza mguu, fimbo ikashuka yenyewe ikatulia. Nilitaka kumwambia mtu. Nilimgeukia Rebeka, lakini alikuwa ameshainamia kazi yake.

Mapacha walizaliwa hospitali, wasichana wote wawili. Tuliketi nje, mimi na Lado, kwenye ukingo wa saruji, na nilijaribu kufikiri. Mbona pale na si gerejini? Niliwaza kwa muda mrefu, nikipoteza uzi na kuanza upya. Gari likiwa limesimama injini haina mzigo, na hata ikipiga kelele haihitaji hewa nyingi. Matundu ya mbele yanatosha. Likiwa limejaa watu na linapanda, na mguu uko chini, hewa inapita mbele kwa wingi na kwa kasi, na kasi hiyo ndiyo inayoinyonya raba, na raba ndiyo inayoivuta fimbo. Mguu hauvifungui vibamba vya nyuma. Injini yenyewe inavifungua, inapovihitaji, kwa kiasi inachokihitaji. Na mtu akivifunga kwa waya vifunguke mapema, hewa inamiminika ovyo, inakosa kasi ya kuvuta petroli, na injini inakosa chakula, inakohoa, inazimika. Nilipofika hapo nikaacha kufikiri. Nilimtazama Lado.

Alikuwa akiniongelesha. Alisema, kwa yale maneno yake ya kulisha mgonjwa, kwamba leo Mungu amemsamehe mguu wake. Siku ile ya kwanza alikanyaga kwa hofu, kwa sababu yule mama alikuwa analia, na mguu huu ndio uliomuua mtoto. Akaupiga kofi gotini. Nilielewa hapo kwa nini hakuwa akila nasi, na nilielewa pia kwamba nina jambo la kumwambia, na kwamba jambo hilo likimtoka yeye litamwangukia mtu mwingine. Nilimwambia tu, "Si mguu wako," na kwa Kiarabu changu kibovu nadhani nilisema mguu wake si wake, kwa kuwa alinitazama kwa mashaka.

Nilimwambia Otim kesho yake, tukila. Sikupata njia nzuri. Nilimweleza habari ya hewa na raba, akakataa. "Sijaona," akasema. Basi nikamwambia tuende akaone. Tulipakia magunia ya mchanga, Lado akaendesha, na Otim akakaa mahali pangu, kichwa ameinamisha juu ya kabureta. Tulipanda. Fimbo ikapanda. Otim aliomba turudie, na tukarudia. Safari ya tatu aliniomba nimfungie waya kama ule wa kwanza. Nilifunga. Lado alikanyaga, injini ikakohoa katikati ya mwinuko, ikazimika mahali karibu na palepale. Otim aliteremka, akasimama kando ya khor ametupa mgongo. Alikuwa mtu wa kucheka na kusema. Sikuwahi kumwona akiwa hivyo. Lado alinitazama, akamtazama Otim, akautazama waya. Sijui ni kiasi gani alikuwa ameshaelewa.

Kabla ya kwenda kwa Lado, Otim alimwuliza Rebeka. Nilikuwepo, naye Rebeka alikuwa anachemsha vifaa. Otim alimwuliza kama gari lisingezimika yule mtoto angeishi. Rebeka alikoroga maji kwa koleo lake. "Sijui," akasema. "Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingo. Huenda alikuwa amekwenda kabla hatujaondoka hapa. Huenda hakuwa." Otim alingoja aendelee. "Nimekwambia ninachojua, Fundi. Ningekuwa na kingine ningekupa." Nimemwuliza mimi mwenyewe miaka mingi baadaye, na jibu lake ni hilohilo. Tuliielewa kabureta mwaka ule, tundu kwa tundu. Lile lililokuwa na maana hatukulielewa, na nimekubali kwamba halitaeleweka.

Jumapili baada ya kanisa Otim alinichukua twende nyumbani kwa Lado. Alivaa shati jeupe. Alitaka nimtafsirie, kwa sababu Kiarabu chake kilikuwa cha kununulia vipuri. Lado alitukaribisha kwenye ua uliofagiliwa, mke wake Keji akatandika mkeka na kuleta asida, yaani ugali, na mchuzi wa samaki mkavu, na tukakaa bila kunawa, kwa kuwa Otim aliinua mkono kuomba aseme kwanza.

"Mwambie," akaniambia, "ile waya ni mimi nilifunga. Mwambie gari ilikufa sababu ya waya, haikuwa mguu yake. Mwambie mimi nilisema ni mguu yake, na nilisema mbele ya watu."

Nilianza vizuri. Nilipofika kwenye waya, neno likanitoka. Sikulijua, au nililijua likapotea. Nilisema uzi. Nilisema kamba. Nilionyesha kwa vidole jinsi kitu kinavyofungwa. Keji alidhani nazungumzia ndoa, akamtazama Otim kwa mshangao. Nilianza upya, nikachanganya mguu wa Lado na mkono wa Otim, na nilipomaliza sikuwa na hakika nimemshtaki nani kwa kosa la nani. Otim alikuwa ameinamisha kichwa. Machozi yalikuwa yakimdondokea kwenye shati lake jeupe, na hakuyafuta.

Lado aliketi sawa mkekani. Kisha akaanza kuzungumza kwa Kibari, lugha ambayo kati yetu wageni wawili mimi ndiye niliyestahili kuijua. Alizungumza kwa muda mrefu. Sauti yake ilipanda, ikashuka, ikasimama mahali kana kwamba amefika kwenye jambo zito, ikaendelea. Mara moja aliligusa goti lake. Mara moja alimwelekezea Otim kiganja, na mara moja mimi. Nilisikia jina langu. Alipomaliza, akavuta beseni la maji, akamnawisha Otim mikono, mmoja, kisha wa pili, akijimwagia mwenyewe matone ya mwisho.

Nilimgeukia Keji, nikamwuliza kwa Kiarabu nilichokuwa nacho, amesema nini.

Keji alifunua sufuria. "Amesema mle," akajibu.

"Maneno yote yale?"

"Asida inapoa," akasema, akanisogezea sahani.